Usiitike Jina la Kulwa

Nyie mliopewa simu za ofisi na vizibao vya kung'aa, sogeeni huku kivulini, sina sauti ya kupigia kelele. Mtendaji wenu amekuja kwangu Charambe mara mbili kuniomba nizungumze nanyi kabla hamjaanza kubisha hodi kwa watu kuwaandikisha bima ya afya. Haya, nimekuja. Lakini habari za kubonyeza simu msiniulize, hapo mnanizidi; mie simu ya kwanza ya kazi niliishika kama nimepewa yai. Nilichonacho ni makosa yangu, na kosa moja kati ya hayo bado linanitumia ujumbe mpaka leo.

Kosa lenyewe ni namba. Utafika kwa mama hana simu, au anayo lakini kioo kimepasuka na kusoma hajui. Mfumo haukubali kwenda mbele mpaka ujaze namba ya simu ya kaya. Nyuma yako foleni inaguna, jua linakuchoma utosi, betri imebaki kidogo. Utasema, aah, ngoja niweke yangu, nitabadilisha kesho. Kesho hiyo haiji. Mie niliweka yangu kwenye kaya nyingi za Mbagala, na ndiyo maana mpaka sasa, mstaafu mzima, nimejikalia nachambua mchicha, simu inalia kunijulisha kwamba fulani mchango wake umepokelewa, fulani kadi inaisha muda, fulani leo ametibiwa kituo fulani.

Msicheke. Kuna fundi seremala mmoja alimuaga mkewe kwamba anakwenda kuzika Morogoro. Siku hiyo hiyo saa saba mchana simu yangu ikasema ametibiwa Kigamboni. Jioni mkewe akapita kwangu kwa mambo yake mengine, na mdomo huu haunaga kufuli, nikamwambia, "Pole jamani, mzee kapatwa na nini huko Kigamboni?" Kumbe kaumwa na mbwa, na huyo mbwa ni wa nyumba ambayo mkewe hakuwa anaijua. Ndoa ilivunjika. Yule fundi mpaka leo akiniona anavuka barabara. Siri ya mtu haiwi yako kwa sababu tu imeingia kwenye simu yako, hilo liandikeni.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Ngonyani, mtu wa Songea, mfupi, mkali, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Enzi zake simu hakuna. Tulikuwa tunatembea na kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni, na picha za pasipoti tunazibana kwa pini. Watu walituogopa. Kwao, kulipia ugonjwa kabla haujaja ni kuuita uje. Kuna nyumba moja Mtoni tulitoka, nikageuka nyuma, namwona bibi wa watu anamwaga chumvi pale tulipokanyaga. Mzee Ngonyani hakukasirika. Aliniambia, "Binti, usiende kwa mtu ukaanza kutaja homa. Na usimuulize ana watoto wangapi, watoto wa watu hawahesabiwi. Muulize, usiku mnafunga mlango mkiwa nani na nani?"

Swali zuri sana hilo, litumieni. Aliniachia na mambo mawili mengine: picha ya mtu ipigwe mwenyewe akiwa amekaa mbele yako, na jina la mtu lisifutwe mpaka wa kwao atamke kwa kinywa chake. La kwanza nililivunja. La pili nusura linitoe roho.

Sasa niwaambie habari za Mama Kulwa. Ni mtu wa kusini, Mmwera, anakaanga mihogo karibu na Rangi Tatu. Mumewe alifariki zamani akamwachia mapacha wa kiume, wa kwanza Kulwa na wa pili Doto, kama desturi ya majina ya mapacha ilivyo. Siku nilipofika kumwandikisha nikauliza swali la Mzee Ngonyani. Akajibu bila kuinua macho kwenye karai, "Mie, Kulwa na Doto."

"Kulwa yuko wapi nimpige picha?"

"Safarini. Kaenda Sauzi kutafuta maisha."

"Basi tumwache kwanza, akirudi tutamwongeza."

Akaacha kugeuza mihogo. "Mama Bima," akasema taratibu, maana mtaa mzima walinipa jina hilo, "ukitaka kumwandika Doto peke yake, usituandike kabisa. Chukua simu yako uende."

Nikamwomba hata picha ya zamani ya Kulwa. Hakuwa nayo. Watu wanasubiri, betri ishafika kwenye wekundu. Doto yupo pale pale kwenye kigoda, kijana mpole, dereva wa bodaboda. Nikamtazama nikasema moyoni, si mapacha wa sura moja hawa? Nikampiga Doto picha yake. Kisha nikamwambia abadilishe shati, ageuze uso kidogo, nimpige na ya kaka yake. Mama yake akaingia ndani, akatoka na shati la bluu la Kulwa, limekunjwa vizuri, lina harufu ya sanduku. Doto alilivaa polepole sana, kifungo kimoja kimoja. Kuku waliokuwa wanaparura uani wakanyamaza, au mie ndiye niliyeacha kuwasikia, sijui. Nikabonyeza.

Ofisini mwenzangu aliziangalia zile picha akauliza, "Huyu pacha wa shati la bluu anaumwa?" Nikamwambia aache maneno yake. Lakini nami nikaitazama. Sura ilikuwa ya Doto, kijana niliyetoka kuongea naye muda mfupi uliopita. Macho yalikuwa ya mtu anayekutazama akiwa mbali sana.

Enzi hizo malipo yalishahamia kwenye simu. Kila mwaka kadi ikikaribia kuisha muda, namba ya malipo ilikuja kwenye simu yangu, nikaandamana na Mama Kulwa mpaka kwenye kibanda cha wakala, akalipa, na ujumbe wa kupokelewa ukarudi kwangu ukiwa na majina ya kaya yote. Kwa kuwa hasomi, nilikuwa namsomea pale pale. Nikitaja jina lake anatikisa kichwa. Nikitaja "Kulwa Saidi," anaitika yeye mwenyewe, haraka, kwa sauti ya juu, "Naam!" Nikitaja "Doto Saidi," ananyamaza kabisa, anamwachia Doto aitike kama yupo. Wakala alikuwa ananikonyeza, akidhani mama wa watu akili imeyumba. Mie nilijua ni uchungu tu wa kumngoja mtoto. Sikujua kitu.

Mwaka wa tatu ndipo mambo yalipoanza. Jumanne mchana kweupe, nakula ugali na dagaa, simu ikalia. "Mwanachama Kulwa Saidi amepata huduma," na chini yake jina la zahanati moja ya Mbezi Luis, jirani kabisa na stendi ya mabasi ya mikoani. Nikaliacha tonge sahanini. Kulwa karudi! Nikanawa mkono nusunusu, nikakimbilia Rangi Tatu kumpelekea mama habari njema, na nilianza kuitangaza kwa kelele kabla sijafika, wateja wote wa mihogo wakasikia.

Mama Kulwa hakuruka wala hakupiga kigelegele. Aliuliza, "Kituo gani?" Nikamwambia. Akaweka mwiko chini. Mafuta yanachemka, mihogo inaungua, haigeuzi. "Amefika Mbezi," akasema, na sauti yake haikuwa na furaha hata chembe.

Wiki mbili baadaye ujumbe ukaja tena: Kulwa Saidi ametibiwa Ubungo. Kisha Buguruni. Nyumbani hajafika, simu hapigi, hajaonwa na mtu, ila kila ujumbe ulitoka karibu zaidi kuliko ule wa kabla. "Mtu gani huyu anarudi kwao kwa kupitia zahanati?" akauliza mama muuza mkaa, tukacheka sote, halafu tukaacha kucheka kwa pamoja. Watoto wakaacha kucheza kwenye uchochoro wa kwa Mama Kulwa. Jirani yake akahamisha kamba ya kuanikia nguo. Na mama mwenyewe, kama alivyoanza tangu mwanzo wa mwaka ule, akimaliza kukaanga anakaa mlangoni kwake, kwenye kizingiti, miguu ameinyoosha, mchana kutwa anatazama njia. Nikimpelekea habari ananiuliza swali moja tu: "Walimwita kwa jina? Akaitika?"

"Nitajuaje mie, Mama Kulwa? Ujumbe hausemi hayo."

"Uliza," akasema.

Ujumbe wa nne ulitoka Temeke. Hapo nikasema hapana, hii kazi yangu, jina nimeliandika mie, lazima nimwone mwenye jina. Nikaenda. Nesi wa dirishani alikuwa binti mchangamfu, nilipojieleza akanifungulia taarifa zake. "Namkumbuka, kijana mpole. Alisema kichwa kinauma, anataka Panadol tu. Ila daktari hakupenda alivyovimba uso, akampima presha, akachukua damu na mkojo. Majibu hayajakaa vizuri, mama. Ngoja nimtumie ujumbe." Akabonyeza kompyuta yake. Simu ikalia mkononi mwangu. "Ndugu Kulwa Saidi, unaombwa kurudi kituoni haraka kwa ajili ya majibu yako."

"Una hakika ni huyo Kulwa?" nikamuuliza.

"Si huyu?" Akanigeuzia kioo. Lile shati la bluu, ule uso uliogeuzwa kidogo. Picha yangu.

"Siku ile alivaa nini?"

"Shati hili hili. Ndiyo maana nikamkumbuka."

Ile picha nilikuwa nimeibuni mwenyewe kwenye kigoda, picha ya mtu asiyekuwepo, na sasa mtu yule ameinuka, amepanga foleni, amenyoosha mkono achomwe sindano. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka nesi akaniletea maji. Ndipo akili ikarudi. Sura ile Dar es Salaam nzima anayo mtu mmoja tu, na anaegesha pikipiki yake umbali wa kutupa jiwe kutoka kwenye karai la mama yake.

Nilimkuta Doto kijiweni, amekaa peke yake. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Shati la bluu liko wapi?"

Hakubisha. Akainua kiti cha pikipiki. Lilikuwamo, limekunjwa, na pembeni mfuko wa plastiki umejaa vidonge, paketi zote hazijafunguliwa hata moja. Akanieleza huku anatazama chini. Kulwa alikuwa amekufa. Alifia njiani huko Msumbiji, kabla hata mie sijafika kwao na simu yangu. Mwenzake aliyesafiri naye ndiye aliyempigia Doto. Doto hakumwambia mama yake. Siku ile ya picha, lile shati alilolivaa polepole alikuwa anajua kwamba mwenyewe hayupo tena duniani.

"Mwaka huu mama akaanza kukaa mlangoni anamngoja," akasema. "Hali, halali vizuri. Nikaona akisikia Kulwa yuko hai mahali, atatulia. Nilijua nikitibiwa kwa jina lake ujumbe utakuja kwako, na wewe mama..."

"Na mie nina mdomo," nikamalizia.

"Ndiyo, mama."

Nikamuuliza, "Na kwa nini kila mara karibu zaidi na nyumbani?"

"Sikupanga. Naingia pale nilipokuwa nimeitiwa mzigo. Hata mie nimeona hivyo nikashangaa."

Nikamwambia wanamtafuta Temeke, majibu mabaya. Akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Majibu ya Kulwa hayo. Mie yananihusu nini?"

"Damu ni yako, Doto!"

"Mama, nikivaa lile shati sijui kama mie ni Doto. Kule Mbezi waliita jina nikachelewa kuitika, mpaka nikakumbuka kwamba nadanganya. Temeke nimeitika hata hawajamaliza kulitaja. Na juzi hapa kijiweni waliniita Doto, Doto, sikugeuka."

Nikatazama chini nisimwangalie usoni. Viatu vyake havikufungwa kamba. Miguu ilikuwa imevimba, imejaa mpaka juu ya kifundo, na yeye anaikalia tu. Nikamsihi twende wote, tuseme ukweli pale dirishani, atibiwe. Akakataa. "Nikisema ukweli, jina la Kulwa litafutwa, mama atajua. Bora niumwe mie." Akawasha pikipiki akaondoka.

Vijana, hapo mtu unajua kwamba kijana atakufa kwa sababu ya jina uliloliandika kwa kidole chako. Nilitembea mpaka kwa mama yake nalia barabarani bila aibu. Yeye alikuwa kwenye kizingiti chake. Nikapiga magoti mbele yake, Mpare mzima mie, nikatafuta pa kuanzia. Akaniwahi.

"Unakuja kuniambia Kulwa amekufa," akasema. "Mie niliwazaa, nisijue? Siku hiyo nilikuwa naosha mihogo, ziwa la kushoto, alilokuwa ananyonya yeye, likaniuma kama lina maziwa. Nikajua."

"Sasa mbona unamngoja mlangoni?"

"Nani kakwambia namngoja? Namzuia."

Akanieleza kwa upole, kama anamfundisha mtoto. Kwao, pacha akifa haliliwi. Husemwa amekwenda mbele, basi. Ukimlilia, aliyebaki anasikia kilio chake mwenyewe na anafuata. Ukilifuta jina lake, wa pili anabaki nusu. Na kubwa kuliko yote: aliyebaki asiitike kamwe jina la aliyekufa, maana akiitika amekubali wito. Ndiyo maana alilipa mchango wa Kulwa kila mwaka, na ndiyo maana nilipotaja jina kibandani aliwahi yeye kusema naam, asije akaitika Doto.

Nikatoa simu nikamwonyesha ile picha, nimweleze ujinga wangu. Akaigusa na kidole chenye mafuta. "Huyu ni Kulwa," akasema.

"Mama Kulwa, huyo ni Doto. Tulimvalisha shati, wewe mwenyewe ulilileta."

"Najua aliyekaa kwenye kigoda. Nakwambia aliyetokea kwenye picha." Akanirudishia simu. "Ulipokuja na habari ya Mbezi nilijua ni Doto anakwenda huko. Sikuogopa kwamba anadanganya. Niliogopa kwamba anaitika."

Mie ni Mkristo, mtoto wa mwinjilisti wa Upareni, mambo hayo sikulelewa nayo. Lakini pale kizingitini sikuwa na ubavu wa kubishana nayo. Nilichofanya ni kukasirika. Nikamwambia, "Sikiliza! Mwanao miguu imevimba, uso umevimba, paketi za dawa zimejaa kwenye pikipiki hajameza hata kidonge. Hawezi kutibiwa mpaka useme Kulwa amekufa. Anakuficha wewe, wewe unamficha yeye, na mficha maradhi kilio kitamuumbua!"

"Nikisema, nitalia. Nimejizuia miaka yote hii. Nikianza sitaweza kunyamaza, na nikimlilia Kulwa nimemtoa na Doto."

"Na usiposema Doto hatarudi kwa daktari."

Akainuka, akaenda kwenye jiko lake, akamwagia maji makaa. Tangu nimfahamu sijawahi kuona karai lile limepoa mchana.

Asubuhi yake tulikuwa Temeke watatu. Doto alikuja kwa sababu mama yake alimwambia neno moja tu, "Twende," na yule kijana hajawahi kumbishia mama yake. Lakini alikuja na shati la bluu. Tukakaa kwenye benchi, yeye katikati yetu, anapumua kwa shida. Kadi aliyoitoa dirishani ilikuwa ya Kulwa. Nilitaka kusema, mama yake akanishika goti nikae.

Wakaitwa wawili watatu. Kisha yule nesi akatoa kichwa nje akaita, "Kulwa Saidi!"

Nilimwona Doto akianza kuinuka. Hakuwa na haraka. Aliinuka kama mtu aliyesikia anaitwa na ndugu yake kutoka chumba cha pili, uso umelegea, karibu atabasamu. Nikamshika shati kwa mikono miwili, kitambaa kikachanika kwapani. Kinywa chake kilishafunguka, ile sauti ya mwanzo ya naam naisikia inapanda kooni, na mama yake akasimama mbele yake.

"Hayupo!" akasema. Ukumbi wote ukageuka. "Kulwa hayupo. Mwanangu Kulwa amekufa. Kafia njiani, sikumwosha, sikumzika. Huyu ni Doto. Mgonjwa ni huyu, mwandikeni kwa jina lake!"

Halafu akalia. Jamani, mie nimeingia misiba mingi, kilio kile sijakisikia tena. Alilia amesimama, ameushika uso wa Doto kwa mikono yote miwili ili asigeuke upande mwingine, na katikati ya kilio anamwambia, "Usiitike. Umenisikia? Usiitike tena." Doto anamtazama kama mtu aliyeamshwa. "Mama, kumbe ulikuwa unajua?" Watu wasiotujua waliinuka kwenye mabenchi wakaja kumshika yule mama, mmoja akavua kanga yake ya begani akamfunika.

Nilieleza kila kitu kwa daktari, picha, namba, vyote. Hakuniuliza sana, alikuwa anaitazama miguu ya Doto. Ilikuwa figo, zimeanza kuchoka. Alisema tungechelewa kidogo tu lisingebaki la kufanya. Akalazwa siku hiyo hiyo kwa kadi yake mwenyewe, jina lake mwenyewe.

Jina la Kulwa tulilifuta hapo hapo kwenye benchi. Mfumo unauliza sababu, unachagua, kisha unakuuliza tena kama una hakika. Nikamsomea Mama Kulwa. Akasema, "Nipe," akabonyeza kwa kidole gumba chake, kwa nguvu kama anazima kibatari. Mie nilipewa barua ya onyo kwa ile picha, na nilistahili zaidi ya barua. Nilistaafu mwaka uliofuata.

Doto yupo. Anameza dawa zake, za kwake, na pikipiki anaendesha ila mizigo mizito hapakii. Kulwa alisomewa hitima, tukala pilau, tukalia vizuri. Lile shati la bluu sijui lilikwenda wapi na sikuuliza.

Basi namba za watu andikeni za watu, picha pigeni za wenyewe, na mkikuta jina ambalo mama hataki liguswe, msimcheke, vuteni kigoda mkae. Hayo ndiyo niliyonayo.

Mtaniuliza, ile namba yangu kwenye kaya ya Mama Kulwa niliibadilisha? Nilitaka. Doto ana simu nzuri tu na siku hizi analipa mchango mwenyewe kwa simu yake, hawaendi tena kwa wakala. Mama yake ndiye aliyekataa, akasema ujumbe uendelee kuja kwangu. Basi wakishalipa wananipigia, wanaweka sauti ya juu, nami nawasomea majina kama zamani. Mwezi uliopita walilipa. Nikasoma jina la mama, akasema yupo. Hapo katikati, pale lilipokuwa jina la Kulwa, kuna kitu Mama Kulwa aliniomba na nimekuwa nakifanya kila mwaka: nanyamaza kidogo. Simu inabaki wazi. Nasikia mafuta yakichemka kwenye karai lake, nasikia pumzi za Doto, na najua mama yake anasikiliza kwa makini kuliko mimi. Hakuna anayeitika. Anangoja mpaka ahakikishe, ndipo ananiambia, "Haya, endelea," nami nasoma, "Doto Saidi."

"Naam," anasema Doto.